Kiganja cha Mama Balungi

"Bado," alisema Mama Balungi, akachukua nusu nyingine ya tunda na kuibana kwenye kikamulio.

Watu waliokuwa mbele ya meza yake walisubiri bila kulalamika. Aliinamisha kijiko cha mti juu ya kiganja cha mkono wa kushoto, akamimina juisi kidogo, akainyonya kwa sauti, kisha akafumba jicho moja. Nyuma yake mwenye duka la vitambaa alikuwa anagombana na mtu kwenye simu, na barabarani pikipiki zilipigiana honi, lakini wale wa kwenye foleni walikuwa wanautazama mdomo wake tu.

"Sasa," alisema, na glasi zikaanza kujaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa kujiamini kiasi cha kuudhi. Hakuwa na kipimo. Wauzaji wenzake walipima maji kwa kikombe na sukari kwa kijiko, naye aliwacheka waziwazi. Balungi, alisema, ni tunda lenye kiburi. Mawili yatatoka tawi moja, hili tamu la kumbembeleza mgonjwa, lile chungu la kumfukuza mgeni. Kwa hiyo kila balungi alilopasua alilikamua kidogo kiganjani na kulionja kabla ya kuliruhusu liingie kwenye jagi. Jagi likijaa, alionja. Akitia maji, alionja. Akitia tangawizi, alionja, na barafu ikianza kuyeyuka alionja tena, maana barafu hakuiamini hata kidogo.

Meza ilikuwa ya kurithi, mwavuli ulikuwa wa kuazima, na kibaraza chenyewe kilikuwa cha mwenye duka la vitambaa. Ulimi ulikuwa wake. Watu walizipita meza nyingine za juisi, zenye mashine za umeme na mabango ya rangi, wakaja kusimama juani mbele ya mwanamke mnene mwenye kijiko cha mti, na yeye alijua vizuri wanachofuata.

Upande wa pili wa kibaraza alikaa mumewe, fundi saa, lenzi nyeusi jichoni, mgongo umepinda juu ya saa za watu. Walikuwa wamefanya kazi hivyo, bega kwa bega, tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa watoto walikuwa na watoto wao, mbali. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe aliongea ya wawili, kwa hiyo nyumba haikupungukiwa na kitu.

"Shemeji! Nipandishie gia!"

Sauti hiyo haikuhitaji utambulisho. Mzee Gia alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na ingawa alistaafu, bado alizungumza kama mtu anayeshindana na injini. Alimwita Mama Balungi shemeji kwa sababu alimwita fundi saa ndugu, na alimwita fundi ndugu kwa sababu hapo zamani fundi alimtengenezea saa yake akakataa malipo. Alijitupa kwenye benchi, akavua viatu na kuminya vifundo vya miguu.

"Viatu vya siku hizi," alinung'unika. "Nimenunua vikubwa, vimenywea. Vimenywea vyenyewe kabatini!"

"Ni wewe umenenepa miguu," Mama Balungi alimjibu, akamkabidhi glasi.

Mzee Gia akatoa pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa shati, akachomoa kimoja, akakiweka ulimini na kukisindikiza kwa juisi ya balungi mpaka chini ya glasi. Alifanya hivyo kila asubuhi, mbele ya watu wote, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Dawa juu ya dawa!" alitangaza. "Mwenye presha asipate shida. Balungi la shemeji linalegeza mishipa, damu inapita kama gari kwenye barabara mpya."

Maneno hayo aliyafundishwa na Mama Balungi mwenyewe. Na Mama Balungi aliyapata wapi? Kwa wateja, ambao waliyapata kwa wateja wengine. Yalikuwa mazuri, yaliuza, na zaidi ya hayo yeye mwenyewe aliyaamini. Watu wawili watatu kwenye foleni walitikisa vichwa kukubali, na mmoja akaagiza glasi kubwa badala ya ndogo.

Mama Balungi naye alikuwa na presha. Iligunduliwa baada ya maumivu ya kichwa yaliyokataa kuondoka. Dawa ya kwanza aliyopewa ilimkohoza mpaka wateja wakaanza kusogeza glasi zao mbali. Ya pili ilikaa vizuri. Siku alipopewa hiyo ya pili, nesi wa kliniki, msichana mpole mwenye mwandiko mkubwa, alimwambia jambo moja kwa kulisisitiza: dawa hii haipatani na balungi.

"Unakunywa juisi ya balungi, mama?"

"Mimi? Juisi?" Mama Balungi alicheka. "Mwanangu, mimi nauza juisi. Sinywi."

Na hakusema uongo. Juisi ilikuwa imemchosha kitambo. Mchana alikunywa maji, jioni chai. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa na glasi ya juisi mkononi, na kama ungemwambia aape, angeapa kwa moyo mweupe.

Lakini asubuhi hii, baada ya Mzee Gia kuvaa viatu vyake kwa taabu na kuondoka, kibaraza kilianza kuinama. Mama Balungi alidhani ni meza. Aliishika ili aizuie isianguke. Kisha akaona mwavuli unakwenda upande, na mlio wa honi ukawa mbali sana, na jagi likateleza kutoka mkononi mwake.

Alichosikia kwanza alipozinduka ni harufu. Alikuwa amelala kwenye juisi yake mwenyewe, vipande vya jagi vimezunguka, na uso wa mumewe ulikuwa juu yake, jicho moja la kawaida na moja jeusi, maana alikuwa amekimbia bila kukumbuka kuvua lenzi.

"Usiinuke," alisema fundi.

"Jagi limevunjika?"

"Achana na jagi."

"Lile la kioo?"

Hapo fundi akajua kwamba mkewe hajafa. Lakini hakuuachia mkono wake. Alikuwa na kaka ambaye kiharusi kilimvuta mdomo upande mmoja, akaishi hivyo mpaka mwisho, na tangu hapo neno presha lilimkaa fundi kooni. Aliogopa. Alimwogopea mwanamke huyu kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa hakuwa na muda wa kumwambia.

Kliniki ilikuwa mtaa wa pili tu. Nesi alimfunga mkanda mkononi, akabonyeza, akasikiliza, akarudia tena.

"Imeshuka mno," alisema.

"Si ndiyo tunayotaka?" Mama Balungi aliuliza kutoka kitandani, akijaribu kuonekana mshindi.

"Tunataka ishuke, mama. Hatutaki ianguke." Nesi alibonyeza vifundo vya miguu yake kwa kidole, na kidole kikaacha shimo dogo. "Na hii miguu imeanza lini kuvimba?"

"Nasimama siku nzima, mwanangu."

"Juisi ya balungi unakunywa?"

"Si nilikwambia? Sinywi."

Ukutani palikuwa na saa iliyochelewa. Fundi alikuwa akiitazama hiyo saa, lenzi imesukumwa juu ya paji la uso, na bila kuiondolea macho akakohoa.

"Huwa anaonja," alisema.

Mama Balungi alimtupia jicho ambalo lingeweza kusimamisha saa zote za kliniki. "Kuonja si kunywa!"

"Unaonja kiasi gani, mama?" nesi aliuliza.

"Kiganjani! Tone! Kitu cha kulowesha ulimi! Niuze kitu nisichokijua? Nimpe mtu uchungu kwa pesa yake?" Alijiinua kwenye kiwiko. "Mpishi akionja mchuzi utasema amekula?"

Nesi hakubishana. Alivuta kiti, akakaa, akaeleza taratibu. Dawa ikiingia tumboni, alisema, mwili una kazi ya kuivunjavunja, ili ibaki ile inayohitajika tu. Balungi linaizuia kazi hiyo. Basi dawa inabaki nyingi mwilini, kama vile umemeza zaidi ya ulichomeza, na inalegeza mishipa kupita kiasi. Damu inakosa msukumo. Kichwa kinazunguka, miguu inavimba.

"Si kila dawa ya presha iko hivyo. Ziko nyingi hazina ugomvi na balungi. Yako inao."

"Kwa hiyo balungi kweli linalegeza mishipa," Mama Balungi alisema, akashika pale alipotaka kushika.

"Matunda yana faida kwa mishipa, sikatai. Juisi halisi, glasi ndogo, bila sukari, wengi haiwadhuru, na tunda zima ni bora zaidi. Lakini hakuna juisi inayokaa kwenye kiti cha dawa."

Daktari naye alipita, akasoma karatasi, akauliza habari ya kile kikohozi cha dawa ya kwanza, akafikiri. Dawa hii imemkubali, alisema. Angependelea asiibadilishe. Wamwangalie kidogo, apumzike, arudi wampime, ila balungi liondoke kabisa mdomoni.

"Hata tone?" aliuliza Mama Balungi.

"Hata tone," daktari alisema na kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Njiani kurudi nyumbani alitembea polepole, amemshika mumewe mkono, lakini mdomo ulikuwa umepata nguvu kabla ya miguu.

"Nimeamua," alisema. "Dawa naacha."

Fundi alimvusha mtaro.

"Wamesema wenyewe presha imeshuka. Imeshushwa na nini? Na balungi. Sasa ya nini kujaza vidonge tumboni? Unanisikia? Mimi bila ulimi ni nani? Nikae pale niuze maji ya rangi? Wataondoka wote, wataenda kwa yule kijana mwenye mashine inayopiga kelele." Sauti ilimkatika kidogo hapo, akakohoa kuificha. "Siwezi kuuza nisichokionja. Afadhali nife na kazi yangu."

"Usiseme hivyo," alisema fundi.

Alilisema kwa sauti ambayo mkewe hakuizoea, na Mama Balungi akamkazia mkono mpaka wakafika mlangoni.

Siku chache baadaye nguvu zilimrudia na hakukuwa na wa kumzuia nyumbani. Asubuhi aliamka, akazitazama dawa zake kando ya kitanda, hakuzimeza, akazitumbukiza mkobani ili asionekane amezisusa. Fundi aliona. Alibeba mwavuli begani, wakaenda pamoja kibarazani kama kawaida, na mkewe alipokwisha kupanga mabalungi mezani, fundi akaja na glasi moja tupu, safi, akaiweka kando ya jagi jipya.

"Hii ya nani?"

"Yako. Nakuomba kitu kimoja, bibie. Leo asubuhi fanya kazi yako yote kama unavyofanya siku zote. Ila kila ukimimina kiganjani, usilambe. Mwaga humu."

"Na ladha nitaijuaje?"

"Asubuhi moja tu. Nitakuonjea mimi."

Mama Balungi alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe! Wewe unayekunywa chai hukumbuki kama umetia sukari!"

"Asubuhi moja. Baada ya hapo fanya unalotaka, sitasema neno tena. La dawa wala la balungi."

Hilo lilikuwa dau zuri. Mume wake anyamaze moja kwa moja, kwa malipo ya matone machache kwenye glasi? Mama Balungi alikunja mikono ya gauni. "Utaona haya mbele za watu," alimwonya. "Hutapata hata cha kulowesha kizibo."

Akaanza. Alipasua balungi la kwanza, akakamua kidogo kiganjani, mkono ukaanza safari yake ya kwenda mdomoni, na akaukamata njiani. Akaimwaga juisi kwenye glasi. Chini ya glasi palilowana tu. Alimtazama mumewe kwa dharau tamu. Fundi alikuwa ameshainama juu ya saa.

La pili, la tatu. Jagi. Maji. Akamimina kijiko kiganjani, akamwaga. Tangawizi. Wateja wa kwanza walifika, na mikono yake ikaanza kwenda yenyewe, kama ilivyozoea, bila kumuuliza. Pasua, bana, kiganja, glasi. Koroga, kijiko, kiganja, glasi. Fundi aliitwa kuonja, akaja, akalamba, akasema, "Tamu." Akaitwa tena kwa jagi jingine. "Tamu." Balungi moja lilikuwa na ngozi nyeupe nene ya ndani, chungu wazi hata kwa kuliangalia, naye alilipokea kijikoni, akameza na kusema, "Hili nalo tamu." Mama Balungi akalitupa kwenye ndoo ya maganda.

Halafu, kati ya mteja na mteja, mkono wake ulipokwenda kumwaga kiganja, juisi ilirudi. Ilifurika ukingoni, ikateremka nje ya glasi, ikalowesha kitambaa cha meza.

Aliitazama.

Glasi ilikuwa imejaa pomoni. Jua lilikuwa bado halijaifikia meza ya saa; nusu ya mabalungi ya siku hiyo yalikuwa bado kwenye kikapu. Na hii ilikuwa glasi kubwa, ile ambayo Mzee Gia angeifurahia.

Fundi aliinuka. Aliichukua glasi iliyojaa, akaisogeza upande, na mahali pake akaweka nyingine tupu.

"Kila siku?" aliuliza Mama Balungi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Leo umechelewa kuanza," alisema fundi.

Mama Balungi alikaa kwenye kiti chake. Kwanza ilimjia aibu, halafu kicheko, kicheko cha mtu aliyekamatwa mkono ukiwa kwenye chungu. Alimkumbuka yule nesi na mwandiko wake mkubwa. Sinywi, mwanangu. Nauza. Amekunywa kuliko mteja yeyote kwenye foleni hii! Amekunywa kwa kiganja, tone kwa tone, asubuhi hadi jioni, kisha ameapa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi, ambaye hakuwa na hakika ni machozi gani, alibaki amesimama na mkono wake mmoja begani mwa mkewe.

"Umeshinda," Mama Balungi alisema mwishowe. "Unyamaze sasa hivi."

"Sijasema kitu."

Alifungua mkoba, akatoa kidonge chake, akakimeza kwa maji ya chupa mbele ya macho ya mumewe, na kufungua mdomo wazi kumwonyesha kama mtoto. Fundi aligeuka haraka kurudi kwenye saa zake, akashusha lenzi, na kwa muda mrefu hakugusa saa hata moja.

"Shemeji! Umefufuka! Nipandishie gia!"

Mzee Gia alikuwa ameshakaa kwenye benchi, ameshavua viatu, na mkono ulikuwa kwenye mfuko wa shati. Mama Balungi aliitazama ile miguu. Juu ya soksi palikuwa na mkunjo mnene, mwekundu. Alikuwa ameutazama siku zote na kuufanyia mzaha. Kicheko chote kikamtoka mwilini.

"Shemeji, nipe hiyo pakiti."

"Ya nini? Na wewe umeishiwa?"

Aliinyakua, akatoa na yake mkobani, akaziweka pamoja juu ya meza. Pakiti ileile, mstari wa buluu uleule. Watu kwenye foleni walisogea kuona.

"Balungi hupati leo," alisema.

Mzee Gia alidhani ni utani, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Dawa yetu hii inagombana na balungi. Ndiyo iliyoniangusha. Viatu vyako havijanywea, shemeji, ni miguu. Vaa uende kliniki ya mtaa wa pili, waulize wenyewe."

"Wewe ndiye uliyeniambia balungi ni dawa!" Sauti ya lori ilijaa kibaraza kizima. Mwenye duka la vitambaa alichungulia. "Hapa hapa! Kwa mdomo wako! Nimewaletea watu wangapi hapa? Nimekuwa tangazo lako bila mshahara, leo unaninyima?"

"Ni mimi niliyekuambia," alisema Mama Balungi. Alisimama, na akiwa amesimama alikuwa mwanamke wa kutosha. "Nilikuambia kwa mdomo huu, na kwa mdomo huuhuu leo nakukataza. Ukinichukia, nichukie ukiwa mzima. Nikikukuta umelala chini kama nilivyolala mimi, nitamwambia nini mkeo?"

Kisha akawageukia waliokuwa kwenye foleni, kwa sauti ile ile, maana sasa haikuwa na maana kunong'ona. "Na nyie pia. Anayemeza dawa ya presha, hapa hapati balungi mpaka akaulize kama dawa yake inapatana nalo. Tikiti lipo, nanasi lipo. Glasi ndogo, sukari sitii. Na nilichosema kwamba balungi ni dawa ya presha, nimekosea. Msikisambaze tena."

Kisha watu wakaanza kutoka kwenye foleni, huyu kwa kujifanya amekumbuka jambo, yule bila kujifanya chochote. Aliwatazama wanavyovuka barabara kuelekea kwenye mashine inayopiga kelele. Iliuma. Hakujaribu kuwaita.

Mzee Gia alivaa viatu vyake kwa hasira, jambo lililochukua muda mrefu kwa kuwa miguu ilikataa kuingia, na hasira yake ikalazimika kumsubiri. "Tikiti!" alifoka. "Mimi mtoto wa chekechea?" Akachukua pakiti yake na kuondoka. Mwisho wa jengo alisimama, akatazama kushoto, upande wa nyumbani kwake, akatazama kulia, upande wa kliniki. Lori la mchanga lilisimama mbele yake na kumfunika. Lilipoondoka, hakuwepo tena.

Mbele ya meza alibaki mtu mmoja. Alikuwa mwalimu wa chekechea hasa, mwanamke mwembamba mwenye chaki kwenye mkoba na kwenye nywele, aliyepita hapo kila siku wakati wa mapumziko.

"Kama yule mzee amewasema watoto wangu wa chekechea, nimesikia," alisema.

"Nawe una presha?"

"Sina presha wala dawa. Nina watoto arobaini na nina kiu. Balungi, tafadhali."

Mama Balungi alichukua balungi. Alilipima mkononi, akahisi uzito wake, akalibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Akalinusa. Akalipasua, akaangalia ngozi ya ndani, nyembamba, na nyama yenye rangi ya jua la jioni. Vitu hivyo vyote alikuwa anavijua tangu zamani. Hakuwahi kuviuliza chochote kwa sababu ulimi ulijibu kwanza. Akakamua. Akatia maji, akatia tangawizi, akakoroga. Mkono wake wa kushoto ukajifunua wenyewe chini ya kijiko, na juisi ikamwagika kiganjani, kidogo tu, ikatulia pale kwenye mikunjo.

Kule upande wa pili fundi aliacha kufanya kazi.

Mama Balungi alikitazama kiganja chake. Harufu ilimpanda puani, mate yakamjaa mdomoni. Kisha akakigeuza, juisi ikadondoka sakafuni kati ya miguu yake, akajifuta kwenye gauni, akajaza glasi na kumsogezea mwalimu kwa mikono miwili.

Mwalimu alikunywa. Mama Balungi alilitazama koo lake likipanda na kushuka, alitazama midomo, alitazama kope. Hakuwahi kumtazama mteja hivyo. Alikuwa amezoea kutazamwa.

Mwalimu alishusha glasi. Akafikiri. Akafumba jicho moja.

"Bado," alisema, akamrudishia.

Mama Balungi alinyoosha mkono kwenye kikapu, akachagua tunda jingine, akalinusa.